Anga Usiliguse

"Kuna mtu anaingia humu ndani nikiwa sipo?"

Mwenye nyumba alikuwa mlangoni anavua mabuti yake ya kazini, yamejaa tope. Akabaki na buti moja mkononi.

"Mtu gani tena, Fundi?"

"Nauliza tu."

"Funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine unao wewe." Kisha sauti yake ikashuka. "Kwa nini? Umeona nini?"

Namna alivyouliza ndiyo iliyonishtua. Mwenye nyumba akisikia kuna mtu anaingia kwake hutafuta rungu. Huyu alinitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa habari njema.

"Mto wa kiti umesogezwa," nikasema.

"Kiti kipi?"

Alikijua. Sebuleni mle kulikuwa na kiti kimoja tu kisichokaliwa, kile cha dirishani mbele ya fremu ya kudarizia. Kiti cha marehemu mkewe. Mimi mwenyewe nilikuwa nashona nimekalia stuli.

"Labda ni upepo," akasema, akaingia chumbani haraka, buti bado analo mkononi.

Upepo unaosogeza mto. Haya. Lakini na mimi nilikuwa nimemdanganya, maana kilichonitisha hakikuwa mto. Kilichonitisha ni anga.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkasema nimewaacha njiani.

Mimi ni fundi wa kudarizi. Kaduka kangu ka nyuzi kamebanwa kati ya saluni ya shoga yangu msusi na kibanda cha fundi viatu. Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na sita, na shangazi zangu wote walishakubaliana kwamba nimeolewa na sindano. Ndipo siku moja akaingia mwanaume mrefu, mikono imekakamaa, amebeba karatasi kubwa iliyokunjwa.

"Wewe ndiye fundi wa picha za nyuzi?"

"Ndiye."

"Mke wangu alianza moja. Hakuimaliza."

"Mlete mwenyewe nimwelekeze. Utamu wa hizi picha ni kuzimaliza kwa mkono wako."

"Ni marehemu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye wala hakukasirika. Akakunjua karatasi juu ya kaunta. Alikuwa ameichora picha yote kwa penseli, kila kilima na kipimo chake pembeni. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na bonde lile ndilo alilokuwa akilipima siku alipokutana na mkewe. Chini kulikuwa na njia na mto, katikati vilima, na juu anga tupu.

"Kitambaa chenyewe hakitoki nyumbani," akasema. "Utakuja kushonea kwangu. Bonde, mto, vilima, njia, vyote ni vyako. Anga usiliguse mpaka nikwambie."

"Kwa nini?"

"Basi tu, Fundi. Naomba."

Nikakubali. Nikashusha nyuzi kutoka kwenye rafu.

"Tuanze na kilima hiki cha nyuma. Kiko umbali gani?"

"Kilomita saba na nusu. Nimekipima mwenyewe."

"Basi hicho ni uzi mmoja, kijani kilichopauka mpaka kinakaribia kijivu. Mshono mdogo wa mshazari, kama punje ya ufuta. Kitu cha mbali hakitakiwi kupiga kelele."

"Na majani haya ya mbele?"

"Mita ngapi?"

"Mia mbili."

"Nyuzi tatu kwa pamoja, za sufu, mshono mrefu wa wima ili majani yasimame. Vichaka nitavifunga mafundo. Mto nitaupa hariri, mshono wa kulala."

Akaandika yote kwenye daftari lake, kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kukosea.

"Kwa hiyo kitu kikisogea karibu, nyuzi zinaongezeka."

"Umeelewa upesi."

"Umbali ndiyo kazi yangu," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililonimaliza, sina haja ya kuficha. Nikawa naenda kwake kila Jumanne na Jumamosi mchana. Baada ya miezi miwili ikaanza michezo ya simu. Nikiwa dukani, ujumbe unaingia:

"Leo mimi ni nyuzi ngapi?"

Najibu: "Mmoja."

"Bado niko kilimani?"

"Mbali kabisa. Nakuona kwa shida."

Wiki ikipita: "Na leo?"

"Mbili. Usizoee."

Mwezi wa nne aliniposa, mimi nimekalia stuli, sindano iko hewani.

"Nataka kukuoa. Lakini nilimwahidi marehemu kwamba picha itakamilika kwanza. Ikikamilika tu, kesho yake tunaenda kwa wazee wako."

"Sasa anga linakamilikaje nami nimekatazwa kuligusa?"

"Nitakwambia wakati ukifika."

Shoga yangu aliposikia alishika kiuno.

"Yaani umeposwa na kitambaa?"

"Usinichekeshe."

"Mwenzio anaolewa kwa tarehe, wewe unaolewa kwa mishono. Shona mirefu basi, mama, utuwahishe!"

Tulicheka. Wiki ile ile kicheko kikakauka.

Marehemu alikuwa fundi, nisimnyime haki yake. Mishono yake yote iliinamia kulia, sawasawa, huwezi kuitofautisha. Sasa siku hiyo, kwenye kona ya juu ya anga, nikaona mistari minne iliyoinamia kushoto. Nikafikiri ni ya siku zake za mwisho, ugonjwa umemzidi, mkono umepotea. Nilijua nimeahidi kutoligusa anga. Lakini mshono ulioinama vibaya unaniwasha kama jino bovu. Nikachukua mkasi mdogo, nikaifumua yote minne, nikanyoosha kitambaa, nikaondoka kimya.

Jumamosi nilipofungua mlango, ilikuwa imerudi.

Mistari ile ile minne. Pale pale. Imeinamia kushoto. Sindano ilikuwa inaning'inia kwenye uzi wa buluu, na mto wa kiti cha marehemu ulikuwa umebonyea katikati. Nikausogelea uzi. Ulinukia losheni ya maua, ile ambayo chupa yake ilikuwa bado imesimama dirishani tangu enzi za marehemu, na hakuna aliyethubutu kuitupa.

Sikupiga kelele. Nilitafuta mkasi, nikafumua. Jumanne imerudi. Nikafumua. Jumamosi imerudi, na safari hii ilikuwa mistari mitano.

Ningemuuliza nani? Nikimuuliza yeye ni kukiri kwamba nimegusa nilichokatazwa. Ndiyo maana siku ile niliuliza habari za mto. Nikampigia shoga yangu.

"Sikiliza, shoga. Hapo kuna mawili. Ni mzimu au ni mwanamke."

"Mwanamke gani anaingia nyumba ya mwanaume kushona anga?"

"Basi ni marehemu. Kwani ubaya uko wapi? Si anakusaidia kazi?"

"Anashona kinyume."

"Na wewe ukifa utashona vizuri? Mwache mke mwenzio. Mke mwenza hali chakula, hanunuliwi nguo, unataka nini zaidi?"

"Nina hofu."

"Hofu ya nini hasa?"

"Kwamba hataki niolewe."

Hilo ndilo lililokuwa moyoni. Kila mstari uliorudi niliusoma kama barua: mume ni wangu, nyumba ni yangu, wewe ni fundi wa kulipwa tu. Na mimi kila nilipofumua nilikuwa namjibu. Miezi mitatu tulikwenda hivyo, mimi na marehemu, tunavutana juu ya kipande cha kitambaa kisichofika upana wa kiganja.

Alhamisi moja ulinifikia mzigo wa sufu, kijani cha majani makavu nilichokisubiri kwa ajili ya kingo za njia. Sikuweza kungoja Jumamosi. Saa saba mchana nikabeba kifurushi nikaenda kwake, nikijua yuko kazini.

Dirisha lilikuwa wazi. Kabla sijafika mlangoni nikasikia mtu anaongea ndani, polepole. Nikasogea ukutani, nikachungulia.

Kwenye kiti cha marehemu alikuwa amekaa yeye, mchumba wangu. Ametundika miwani puani, mikono inang'aa kwa losheni, anachoma sindano kwenye anga, anavuta uzi, anachoma tena. Na kila mshono ulikuwa unalalia kushoto.

"Leo usifumue yote, mke wangu," alikuwa anasema. "Nimejitahidi, angalia. Niachie hata mstari mmoja."

Kifurushi kilinidondoka. Hakusikia.

Nilielewa kila kitu pale pale, na nilitamani nisingeelewa. Ningeweza kugeuka na kwenda zangu. Ningeendelea kuja Jumanne na Jumamosi, nafumua, naye siku za katikati anarudi anashona, anaongea na mkewe na kujibiwa. Ningekuwa marehemu siku mbili kwa wiki na mchumba siku zilizobaki. Nakiri kwamba nililifikiria. Halafu nikafungua mlango.

Akaruka kitini. "Fundi! Leo si siku yako."

"Anayefumua ni mimi."

"Unasema?"

"Mishono yako. Ninayeifumua ni mimi. Jumanne na Jumamosi, kwa mkasi ule pale."

Akavua miwani. Akaitazama fremu, akanitazama, akaitazama tena fremu.

"Hapana," akasema taratibu, kama anayemwelewesha mtoto. "Ni yeye. Wewe hujui. Yeye ndivyo alivyokuwa."

"Nieleze basi."

Akakaa, si kwenye kiti tena, sakafuni.

"Alilala kitandani miezi minane. Fremu tukaisimamisha mapajani pake, mimi nakaa mbele yake, upande wa nyuma wa kitambaa, ili nimwone uso. Akasema, badala ya kunitazama kama mgonjwa, jifunze. Nikawa naiga ninachokiona. Mikono yangu inakwaruza, inakamata uzi, akaniambia nipake losheni yake kwanza."

"Ulikaa mbele yake," nikasema. "Ndiyo maana mishono yako imegeuka. Alichofanya kwenda kulia, wewe ulikiona kinakwenda kushoto."

"Alinicheka sana. Hakunisahihisha, alisema akinisahihisha nitaacha. Basi mimi nikienda kazini, anafumua yote. Nikirudi nakuta matundu meupe, kitambaa kimenyooshwa. Hasemi kitu. Ananiangalia tu, anajizuia asicheke." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Alipokufa niliendelea. Mwaka mzima nashona mistari, kesho yake naikuta, naifumua mwenyewe. Halafu miezi mitatu iliyopita narudi nyumbani, nakuta imefumuliwa. Kitambaa kimenyooshwa vile vile. Unajua nilifanya nini?"

"Niambie."

"Nilipiga magoti hapa nikalia. Kwa furaha, Fundi."

"Kwa furaha."

"Ndiyo."

Neno lile lilinichoma kuliko sindano yoyote niliyowahi kujichoma. Miezi mitatu nilijiona mchumba wake, kumbe nilikuwa mikono ya mtu mwingine.

"Na mimi nilikuwa nani katika hiyo furaha?" nikamuuliza.

"Nilikuambia usiliguse anga."

"Na wewe uliniambia hakuna mtu anayeingia. Uliniambia ni upepo!"

"Ningekwambiaje? Kwamba mke wangu amerudi? Ungekaa?"

"Ndiyo maana picha haikuwa na siku ya kuisha."

Akanyoosha kiganja, kinanukia maua.

"Nipe ufunguo. Tafadhali. Nataka kubaki peke yangu."

Nikampa. Nilipotoka nikaiokota sufu yangu chini ya dirisha. Nilifika dukani, nikafunga mlango, nikalia mpaka msusi akagonga ukuta.

"Nimemuua mke wa mtu mara ya pili," nilimwambia.

Siku hiyo hakuwa na utani. Alinisuka tu, bila kuniuliza ninataka mtindo gani.

Siku tisa zikapita. Siku ya kumi simu ikatoa mlio wa ujumbe.

"Anga limebaki kidogo."

Sikujibu. Ukaja mwingine.

"Leo mimi ni nyuzi ngapi?"

Niliutazama ule ujumbe nusu saa nzima, nikaandika: "Mmoja. Uliopauka kuliko wote."

Hakujibu tena. Nikajua yamekwisha, nikazima simu.

Jumamosi nilikuwa nampimia mteja uzi wa pindo nilipomsikia msusi nje: "Taratibu bwana, utanitoboa jicho!" Mlangoni ikaingia fremu kwanza, upande upande, kisha mwenye fremu. Mteja akasogea. Picha ikalala juu ya kaunta yangu, picha ambayo iliapiwa haitatoka nyumbani.

"Umeitoa," nikasema.

"Nimeitoa."

Anga lilikuwa limejaa. Lote, toka kona hadi kona, buluu iliyopauka, na kila mshono umeinamia kushoto.

"Nilichukua likizo," akasema. "Siku ya kwanza nilishona, nikangoja lifumuliwe. Halikufumuliwa. Siku ya pili, halikufumuliwa. Siku ya tatu ndipo nilipojua kwamba mke wangu amekufa. Si siku tuliyomzika. Siku ile ya tatu."

Mteja wangu alianza kukagua vifungo ambavyo sikuamini anavihitaji.

"Nikalia vizuri," akaendelea. "Siku ya tano bado nilikuwa nasikiliza. Nikajiuliza, nasikiliza nini? Nikagundua nasikiliza mlango. Yeye hakuwahi kurudi kwa mlango, Fundi. Anayepita mlangoni ni wewe."

Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya vilima. Pembeni yake akaweka mkasi wangu mdogo.

"Fundi ni wewe. Nimekosea anga zima. Lifumue ukitaka, sitasema neno."

Nilivuta taa karibu. Kama fundi, niseme kweli, lilikuwa kosa. Ardhi inainamia kulia, mbingu inainamia kushoto, wanafunzi wangu ningewarudisha mwanzo. Lakini uzi ulioinama kinyume hushika mwanga kinyume. Nilipoisogeza fremu kidogo, bonde likaingia kivulini na anga likawaka peke yake. Nikaisogeza tena, anga likafifia na vilima vikasimama. Havikuwaka pamoja hata mara moja.

Nikaurudisha mkasi kwenye droo.

"Silifumui."

"Kweli?"

"Acha liiname linavyotaka. Imebaki njia tu, hii tutaishona wote wawili."

Akavuta stuli ya wateja, akakaa mbele yangu.

"Si hapo," nikasema. "Ukikaa mbele yangu utajifunza kinyume tena. Zunguka. Njoo upande huu."

Akazunguka kaunta, akakaa ubavuni pangu. Begani kwake kulikuwa na harufu ya vumbi na jasho, basi. Hakuna maua.

"Njia inaanzia miguuni pa anayetazama," akasema. "Nyuzi ngapi?"

"Tatu," nikamwambia. "Na wewe pia."

Ukuta wa saluni ukagongwa mara tatu, na msusi akapiga kigelegele ambacho kilimtoa fundi viatu kibandani kwake.

Tulioana wiki mbili baadaye. Shangazi zangu walijaza mabenchi yote ya mbele, wanahakiki kama bwana harusi ana mwili wa kweli au ni sindano nyingine. Picha tuliitundika sebuleni, na kiti cha marehemu hatukukiondoa. Siku niliyohamia mume wangu alikifuta vumbi, akasema, "Kaa." Nikakaa.

Ningependa niishie hapo. Lakini mwezi wa pili wa ndoa, asubuhi ya Jumanne, jua limeingia dirishani, niliinua macho nikaona kona ya juu ya anga. Mstari mmoja haukuwepo. Matundu yalikuwa meupe, safi, na kitambaa kimenyooshwa. Kwenye mto wa kiti kulikuwa na vipande vya uzi wa buluu.

"Umefumua wewe?" nikamwita.

Akaja na kikombe cha chai. Akatazama. Kikombe kikaanza kugonga kisahani.

"Mimi tangu dukani kwako sijagusa. Si wewe?"

"Wallahi si mimi."

"Funguo ni mbili," akasema kwa sauti ndogo.

Yeye hakuangalia picha tena, aliniangalia mimi. Kulikuwa na hofu machoni pake, lakini nilijua haikuwa hofu ya mzimu. Alikuwa anaogopa nitakachofanya. Nikikasirika, nikibeba begi langu, nikitaka kiti kitupwe, asingenizuia.

Nikaviokota vile vipande vya uzi kimoja kimoja. Nikageukia kiti.

"Dada," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo. "Huo mmoja ni haki yako. Anga lililobaki tuachie."

Kisha nikamwambia mume wangu akae, chai inapoa. Akakaa upande wangu, akanishika mkono. Nyuzi zile nimezihifadhi kwenye kopo la vifungo, na mstari ule hatujaujaza mpaka leo.